Kifua kikuu chini ya sikio

Uvimbe wangu haukuuma, na hilo ndilo lililoupa muda wa kukua. Kwetu Bukavu, mji wa Kivu, mashariki ya Kongo, mtu huenda kwa muganga, yaani mhudumu wa afya, akiumwa. Kitu kisichouma hungoja kwanza kodi ya nyumba ilipwe, unga ununuliwe, watoto wapate viatu. Ulianza chini ya ndewe ya sikio la kushoto, pale taya linapopinda kuelekea shingoni. Niliugundua nikijifunga kitambaa kichwani: kidole kilikuta kitu kigumu, kinachosogea kidogo, kisicho na joto lolote.

Nafundisha mwaka wa nne katika shule moja ya msingi ya Kadutu, kwa hiyo uso wangu hutazamwa na watoto wengi kutwa nzima. Wao ndio walioniambia ukweli kabla ya watu wazima. Msichana wa benchi la mbele aliinua mkono katikati ya hesabu, nikadhani ana jibu. "Mwalimu, sikio yako imegeuka." Jioni nilichukua kioo nikaona kwamba kweli ndewe imesukumwa nje, na lile bonde la nyuma ya taya limejaa kabisa.

Baada ya hapo kila mtu alinipa jina la ugonjwa wangu. Mwalimu mwenzangu alisema ni matubwitubwi. Lakini matubwitubwi huja kwa siku chache, yakiwa na homa na maumivu ya kutafuna, mara nyingi huvimbisha mashavu yote mawili, na wiki mbili hazipiti kabla hayajaondoka. Wangu ulikuwa upande mmoja na ulikaa miezi. Jirani alisema ni jino, nikang'olewa gego ambalo hata halikuwa likinisumbua. Mama mkwe alisema ni karuho.

Kwa wasio wa Kivu: karuho ni sumu ambayo watu huamini kwamba hutiwa kwenye chakula au kinywaji, ikamla mtu polepole mpaka amalizike. Ugonjwa wowote unaochelewa kupona hapa huishia kuitwa hivyo. Mama mkwe ananipenda, nasema hivyo bila kusita, na alikuwa amenifungia pesa katika ncha ya kitenge chake ili nipelekwe kwa mtu wa upande wa Bagira anayewapa watu dawa ya kutapisha. "Mkamwana, usizike macho yako mbele ya vitabu," aliniambia. "Nani alikupa chai ile siku ya mkutano wa wazazi?" Swali hilo lilinitisha kuliko uvimbe. Chai nilipewa na mama mmoja ambaye tumefundisha naye tangu nikiwa msichana, na ghafla nilijikuta nikimtazama mikono. Hapo ndipo ninapoichukia habari ya karuho: tunamtafuta adui katika watu wanaotupenda, na wakati huohuo ugonjwa wenyewe unaendelea na kazi yake bila mtu wa kuusumbua.

Katika zahanati moja ya mtaani nilipewa amoksisilini, nikameza, nikarudishiwa nyingine. Uvimbe haukupungua. Ulilainika kidogo katikati, na yule kijana aliyekuwa akinihudumia akafurahi: akasema usaha umeiva, nirudi kesho yake aupasue. Alikuwa ameshaniambia bei. Aliyenizuia ni shangazi yangu, mkunga mstaafu, mama ambaye huzungumza kidogo na haraka. Alinishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akabonyeza pande zote, kisha akasema, "Mtoto wangu, hapa hapapasuliwi na mtu asiyejua kilicho chini yake."

Kilicho chini yake nilikuja kukielewa baadaye, na ningependa kila mwenye uvimbe wa mahali hapo akijue. Mwili una jozi tatu za tezi kubwa za mate: moja chini ya ulimi, moja chini ya taya, na kubwa kuliko zote iko mbele na chini ya sikio. Katikati ya tezi hiyo kubwa hupita neva inayoendesha uso: inayofumba jicho, inayoinua nyusi, inayovuta mdomo tunapocheka. Kisu cha haraka kikiigusa, upande mmoja wa uso unaweza kulala na usiamke tena. Na kama uvimbe ni wa kifua kikuu, kuupasua kunaweza kuacha tundu linalovuja miezi na miezi bila kufunga. Sikujua lolote kati ya hayo nilipokuwa natafuta pesa za kumlipa yule kijana.

Shangazi mwenyewe alinipeleka hospitali. Tuliteremka kutoka Kadutu asubuhi, mvua imenyesha usiku, udongo unateleza, yeye mbele na fimbo yake. Daktari alikuwa wa upasuaji. Kabla ya kugusa uvimbe alinifanyisha mambo ambayo niliyaona ya ajabu: "Mama, funga macho kwa nguvu. Kunja paji. Fura mashavu. Onyesha meno." Alikuwa akiitazama ile neva. Uso ulioanza kupooza pamoja na uvimbe humtia daktari hofu ya kansa, na wangu ulikuwa ukitembea vizuri. Kisha akamulika kinywani. Mrija wa tezi ya sikioni hufungukia ndani ya shavu, mkabala na gego la pili la juu, na yeye alikuwa akiukanda uvimbe kwa nje huku akitazama kama kutatoka usaha kwa ndani. Yalitoka mate safi. Akaniuliza maswali mfululizo. "Uko unakohoa? Unatoka jasho usiku? Kilo zimepungua?" Kikohozi, hapana. Jasho, ndiyo, lakini nililidhania la joto. Kilo sikuwa nimepima, ila sketi zangu zilikuwa zimeanza kuzunguka kiunoni.

Ekografia, picha ya mawimbi ya sauti, ilionyesha uvimbe ndani ya tezi na vitezi vingine vidogo shingoni. Daktari hakunificha: wengi wa namna hii hudhaniwa kuwa uvimbe wa kansa au wa aina nyingine, na wapo waliofanyiwa operesheni kubwa ya kutoa tezi, halafu maabara ikasema ni kifua kikuu kilichotosha kutibiwa kwa vidonge. Kwa hiyo yeye anaanza na sindano. Neno kansa lilinijaa masikioni hivi kwamba mengine niliyasikia nusu, ni shangazi aliyeyashika yote na kunirudia njiani.

Sindano ilikuwa nyembamba, ile ya kawaida ya kudungia, na bomba kubwa kidogo. Hakukuwa na ganzi. Aliushika uvimbe kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, akaingiza sindano, akavuta bomba, akaisogeza mbele na nyuma bila kuitoa, akabadili mwelekeo. Iliuma kiasi cha kuvumilika. Kilichotoka hakikuwa damu: kilikuwa kizito cha rangi ya njano iliyopauka, chenye vipande, kama mashanza, maziwa ya mgando, iliyokatika. Alidondosha tone kwenye kioo, akalikanda kwa kioo cha pili mpaka likawa utando, akaandika jina langu kwa penseli pembeni. Kilichobaki alikiingiza kwenye kichupa. "Hiki kinaenda kwenye mashine ya GeneXpert," alisema. Baadaye nilielewa kwa nini hakutosheka na kioo peke yake: katika tezi vijidudu huwa vichache, na anayetazama kwa darubini anaweza asikione hata kimoja ilhali vipo. Mashine hutafuta chembe za urithi za kijidudu chenyewe, hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi ikishaanza kazi, na huonyesha pia kama kinaikaidi rifampisini, dawa kubwa ya ugonjwa huu.

Jibu nililipokea nikiwa nimeshikana mikono na mume wangu. "Hii haiko kansa, mama. Iko kifua kikuu."

Mume wangu alisema, "Lakini, dokta, yeye hakohoi."

Ndivyo tulivyofundishwa sote. Tangu tukiwa wadogo kwenye kuta za vituo vya afya kuna picha ya mtu amekonda anakohoa damu, na sisi walimu tunawarudia watoto picha hiyohiyo kila 24 Machi, siku ambayo mwaka 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Kumbe kijidudu hicho huingia kwa pumzi, lakini hakilazimiki kubaki mapafuni. Husafiri kwa damu na kwa mishipa ya limfu mpaka kwenye tezi za shingo, uti wa mgongo, utando wa ubongo, figo, tumbo. Duniani, karibu mgonjwa mmoja kati ya sita wanaoandikishwa ana kifua kikuu kilicho nje ya mapafu. Cha tezi ya mate ni adimu hata katika nchi kama yetu, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kati ya zile 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu. Tezi ya sikioni ina vitezi vya limfu ndani yake, na mara nyingi inasemekana huko ndiko kijidudu hujificha kwanza. Njia nyingine ni kinywani, kupanda kwa ule mrija wa mate. Waliniuliza pia kama nakunywa maziwa yasiyochemshwa, kwa sababu kuna aina ya ng'ombe inayopita humo. Nyumbani kwetu sasa maziwa huchemshwa mpaka yapande.

Nilipigwa radio ya kifua, yaani eksirei, ikawa safi. Nilipimwa virusi vya Ukimwi, kama anavyopimwa kila mgonjwa wa kifua kikuu, na hapo pia sikuwa navyo. Kisha nikaelekezwa kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu chenye huduma ya kifua kikuu. Vidonge havikunigharimu hata faranga moja. Mpango wa taifa unavitoa bure, na mtu akikuuliza pesa ya vidonge hivyo una haki ya kushangaa kwa sauti. Gharama zangu zilikuwa za kabla ya hapo: ekografia, radio, amoksisilini, jino langu zima.

Matibabu ni ya miezi sita. Miwili ya kwanza ni dawa nne ndani ya kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, na idadi ya vidonge kwa siku hufuata uzito wako. Minne inayobaki ni rifampisini na isoniazidi tu. Shangazi anakumbuka enzi ambapo mgonjwa alitibiwa mwaka mmoja na nusu, na sindano za streptomaisini juu yake, na wengi walikimbia kabla ya kumaliza. Miezi sita tunayoilalamikia ilipatikana kutokana na majaribio yaliyofanywa miaka ya 1970 Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Napenda kuwaambia hivyo wanaodhani kwamba kila elimu ya dawa ilitoka mbali na sisi. Wagonjwa wa huku kwetu ndio waliokubali kujaribiwa.

Muganga wa kituo, mwanaume mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliniandalia mambo kabla hayajanipata, na huo ndio uuguzi ninaousifu. Aliniambia mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa na nisiogope. Kwamba nikiona rangi nyekundu na kijani zinafanana, nisingoje kesho. Kwamba macho yakigeuka njano, au nikitapika bila kukoma, niache kumeza na nije palepale. Kwamba miguu ikianza kuwasha na kufa ganzi kuna vitamini B6 ya kunipa, na kweli ilianza, na kweli akanipa. Kisha akafunga mlango, akaniuliza natumia njia gani ya uzazi. Nilikuwa na kijiti mkononi. Akanieleza kwamba rifampisini hupunguza nguvu ya kijiti na ya vidonge vya uzazi, na kwamba kitanzi hakiguswi nayo. Hakuna mwanamke hata mmoja, kati ya wale niliokutana nao kwenye benchi lile, aliyekuwa ameambiwa hivyo kabla. Dada mmoja alikuwa tayari na mimba asiyoitarajia.

Nilimeza vidonge alfajiri kabla ya kula, halafu uji wa masoso (mahindi, soya na mtama), halafu darasani. Wiki za kwanza kichefuchefu kilikuwa kikubwa. Jasho la usiku liliisha, hamu ya bugali na sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, ikarudi, sketi zikakaa.

Halafu uvimbe ukakua.

Nataka kukaa hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi huachia njiani. Nilikuwa nimemaliza miezi ya kwanza bila kuruka hata siku moja, najisikia mzima, na ghafla ngozi ya chini ya sikio ikawa nyekundu, ikang'aa, uvimbe ukazidi ule wa mwanzo. Kitezi kingine kikachomoza shingoni. Mama mkwe alilia. Akasema nilidanganywa, dawa za wazungu zinauchokoza ugonjwa, twende Bagira kabla sijafa. Hata mume wangu, aliyekuwa akinihesabia vidonge, alinyamaza jioni nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa na fikra moja tu: kijidudu changu ni kile sugu.

Muganga alinitazama, akanipima uzito, akaona umepanda, akatikisa kichwa kwa namna ya kuridhika. Akanieleza kwamba vijidudu vinapokufa kwa wingi, mwili ulioanza kupata nguvu huyashambulia mabaki yake kwa hasira, na uvimbe hufura ilhali ugonjwa unashindwa. Hutokea mara nyingi katika kifua kikuu cha tezi. Hata hivyo hakuishia kwenye maneno. Alinirudisha kwa daktari, ambaye alivuta tena kwa sindano, akiingilia pembeni kwenye ngozi nzima ili pasibaki tundu, akapeleka kilichotoka maabara, akahakikisha hakuna ukaidi wa dawa. "Endelea na dawa zilezile," alisema. "Usiruke hata siku." Wekundu ulififia taratibu. Mpaka nilipomaliza miezi sita kulikuwa kumebaki kijipunje kidogo kigumu, na nipo nacho hadi leo. Aliniambia kinaweza kubaki bila kuwa ugonjwa, ila kikianza kukua nirudi.

Shuleni mambo yalikuwa mepesi kuliko nilivyohofia, isipokuwa kikombe changu kilitengwa kwenye kabati la walimu, peke yake, kimefunikwa kisahani. Muganga aliandika barua fupi kwamba kifua kikuu cha tezi, mapafu yakiwa safi, hakiambukizi kwa kukaa pamoja wala kwa kunywa chai. Mkurugenzi aliisoma mbele ya walimu wote. Yule mama wa chai, ambaye niliwahi kumtazama mikono, ndiye aliyekirudisha kikombe changu kati ya vingine.

Lakini kuna swali moja la muganga ambalo lilileta matunda makubwa kuliko tiba yangu. Siku ya kwanza kabisa, akiandika majina ya watu wa nyumbani, aliuliza, "Na nani anakohoa?" Nikasema hakuna. Mume wangu akasema, "Mdogo wangu." Shemeji alikuwa amerudi kutoka Kamituga, alikokuwa akichimba dhahabu, na alikuwa akilala sebuleni kwetu. Alikuwa akikohoa kwa muda mrefu sana kiasi kwamba mimi nilikuwa nimeacha kumsikia. Yeye mwenyewe alisema ni vumbi la mawe. Vumbi lile la mgodini huharibu mapafu kweli, na mapafu yaliyoharibika nalo hupokea kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Makohozi yake yalipopimwa yalikuwa na vijidudu.

Huyo ndiye aliyekuwa akiambukiza. Kitinda mimba wangu, ambaye hajafika miaka mitano, alipimwa, akaonekana hana ugonjwa, akaanzishiwa dawa ya kuzuia. Madirisha ya sebule ambayo tuliyazoea kuyafunga kwa hofu ya wezi sasa hubaki wazi mchana kutwa.

Shemeji alianza dawa baada yangu kwa sababu alikataa kwanza, na bado anameza. Anajisikia mzima, amenenepa, na rafiki zake wanampigia simu kila juma kwamba mshipa mpya wa dhahabu umepatikana Kamituga. Tumegombana naye, mimi na kaka yake, kwa sababu alitaka kuondoka na vidonge vya wiki mbili mfukoni. Mwisho nilimpeleka kwa yule muganga. Hakumgombeza. Alimuuliza atafikia mtaa gani, akampigia mwenzake wa kituo cha huko, akajaza karatasi ya uhamisho yenye uzito wake, dawa zake na tarehe ya kupima tena makohozi. Alimpa shemeji nakala moja, nyingine akanipa mimi.